Masomo ya Halloween kwa Kijapani: nimelipa, nimetumia, haya ndiyo niliyoyaona

Kwa mwenye haraka: kama shida yako ni matamshi, lipa. Kama unataka maneno ya kusema usiku wa Halloween, Oktoba 31, watoto waliovaa mavazi ya vitisho wanapokuja kuomba pipi nawe umesimama mlangoni na bakuli mkononi, kifurushi hiki kitakuacha njiani. Nimekitumia msimu mzima nikiwa Saitama, jirani na Tokyo, ambako mtoto wangu anakwenda hoikuen, kituo cha kulelea watoto ambao wazazi wao wako kazini. Jina la programu silitaji. Kasoro nitakazozisema nimezikuta pia kwa washindani wake wengi, na sioni sababu ya kumwangushia mmoja mzigo wa wote.

Chenyewe ni kifurushi cha nyongeza ndani ya programu ya simu ya kujifunzia Kijapani. Kina kadi za maneno zenye picha na sauti, mazungumzo mafupi, kurasa chache za utamaduni na maswali ya kujipima. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Kiswahili hakuna, wala sikukitarajia. Bei ilikuwa chini ya yeni elfu moja, sawa na chakula cha mchana kwenye mgahawa wa kawaida. Kila neno limeandikwa kwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, juu yake vijiherufi vidogo vya hiragana, herufi za silabi, vya kukusaidia kusoma, na chini herufi za Kirumi. Hizo za Kirumi zizime mapema. Sisi tumezoea kwamba tunavyoandika ndivyo tunavyosoma, kwa hiyo tukiziona tunazisoma Kiswahili moja kwa moja, na sikio linalala.

Na sikio ndilo linalofaidika hapa. Irabu za Kijapani ni zetu zilezile tano, na silabi nyingi zinaisha kwa irabu kama zetu. Obake (kiumbe cha mazingaombwe), majo (mchawi), kuroneko (paka mweusi), kabocha (boga): mtu wa Tanga au Kisumu akiyasoma mara ya kwanza Mjapani anamwelewa. Programu haikujui wewe ni nani, hivyo inakurudisha kwenye mazoezi ya irabu yaliyotungwa kwa ajili ya Wamarekani. Ruka. Tabu yetu iko kwingine, kwenye urefu wa sauti. Okashi ni pipi, biskuti na vitu vitamu vya kutafuna; okashii, ukiivuta i ya mwisho, ni jambo la ajabu au la kuchekesha. Kowai ni ya kutisha, kawaii ni ya kupendeza, na usiku wa Halloween maneno haya mawili yanarushwa hewani kwa pamoja, tena mara nyingi kwa mtoto yuleyule. Rekodi zimefanywa vizuri sana: unasikia neno polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida, sauti ya mwanamke na ya mwanamume. Kwenye kyūketsuki, mnyonya damu, unasikia wazi jinsi u ya tsu inavyomezwa, na kwenye torikku, yaani trick ya Kiingereza, jinsi wanavyoshikilia pumzi kidogo kabla ya ku. Kuna pia ame, pipi ngumu ya kumung'unya, na ame, mvua: zinatofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Rekodi zinaonyesha tofauti hiyo, ingawa maelezo ya maandishi hayaitaji kabisa.

Orodha ya vitisho imejaa. Majo ni mchawi wa kike, gaikotsu ni mifupa ya maiti, miira ni maiti iliyokaushwa, ōkami otoko ni mtu anayegeuka mbwa-mwitu, kōmori ni popo. (Mtu wa Pemba au Unguja anayekumbuka hofu ya jini Popobawa ya 1995 hahitaji kuelezwa popo anatafuta nini kwenye orodha hii.) Kwa kadi na michezo yake, maneno haya yanaingia kichwani haraka na yanakaa.

Ila baada ya hapo mambo yanaanza kulegea. Programu inatafsiri obake na yūrei kwa neno moja la Kiingereza na kuendelea na safari. Mjapani hazichanganyi kirahisi hivyo. Obake linatokana na kubadilika umbo: ni kiumbe cha mazingaombwe, na watoto wanamchora akiwa duara jeupe lenye macho na ulimi nje. Yūrei ni mtu aliyekufa ambaye hajatulia. Katika michoro ya zamani amevaa sanda nyeupe, nywele zimemwagika, miguu haionekani. Mapambo ya hoikuen yana obake tele. Yūrei sikumwona hata mmoja, na nisingetegemea kumwona.

Ukurasa wa utamaduni nao unaiita Obon "Halloween ya Wajapani". Hapo nilitaka kuzima simu. Obon ni siku za kuwapokea wazee waliotangulia. Sehemu nyingi huifanya katikati ya Agosti, nyingine Julai. Watu wanarudi makwao, wanasafisha makaburi na kuwawashia marehemu taa. Hata hadithi za mizimu, kaidan, kwa mazoea ni za kiangazi; wanasema zinakupitishia ubaridi mwilini wakati wa joto. Ikifika Oktoba msimu wa wafu umeshapita. Halloween ya hapa haina habari na kaburi la mtu. Ni mavazi, pipi, na bidhaa zilizobandikwa maneno kikan gentei, kwamba zinauzwa kwa muda maalumu tu. Neno hilo utalikuta kwenye chokoleti, kwenye pudini ya boga, hadi kwenye vikombe vya kahawa, na ndani ya kifurushi halimo.

Kuhusu boga lenyewe, kadi ya kabocha ina picha ya lile la rangi ya machungwa lililochongwa macho. Ukienda sokoni na picha hiyo kichwani utashangaa, kwa sababu kabocha la kula lina ganda la kijani kibichi, ni tamu na la ungaunga, na hupikwa kwa mchuzi wa soya na sukari. Watu hulila pia siku ya usiku mrefu kuliko zote, mwezi Desemba. Inasemekana jina lake lilitokana na Kambodia, likaletwa na Wareno, haohao walioacha neno karata kwetu na karuta kwao. Haya ya Wareno programu haisemi. Nimeyaweka kwa sababu yalinisaidia kulikumbuka neno.

Sasa sentensi kuu, ile ambayo kila mtu ananunua kifurushi kwa ajili yake. Kuna torikku oa toriito, ya Kiingereza iliyovishwa kanzu ya Kijapani, na hiyo ndiyo watoto wengi wanayoipigia kelele. Halafu kuna ya Kijapani chenyewe: okashi o kurenai to itazura suru zo, yaani usiponipa pipi nakufanyia utundu. Programu inaifundisha vizuri kwa sauti, inakupima, inakupa nyota. Isichokuambia ni kwamba hiyo zo ya mwisho ni ya ubabe. Mtoto wa miaka minne akiisema watu wanacheka na kummwagia pipi. Mtu mzima akiisema kwa bibi wa nyumba ya pili ambaye hawajazoeana, ni habari nyingine. Nilimchezea rekodi hiyo rafiki yangu mmoja wa Mombasa, mkazi wa Yokohama wa siku nyingi. Alisikiliza, akauliza: "Mama Neema, huyo anaomba au anapora?" Kwa watoto wadogo wengi husema itazura shichau zo, ambayo inalainika na kuwa ya utani. Mstari mmoja wa maelezo ungetosha kabisa.

Kuna jingine linalohitaji tahadhari, nalo ni kasō, kuvaa kama mhusika fulani. Utalisikia kutwa: nan no kasō desu ka, umevaa kama nani? Lakini kasō kwa kanji nyingine ni kuchoma maiti, na huku karibu wafu wote huchomwa. Kwa sauti hayatofautiani hata kidogo, muktadha ndio unaokuokoa. Kwa hiyo ukitaka kuliandika kwenye kikundi cha wazazi, hakikisha simu imekuchagulia kanji sahihi kabla ya kutuma. Ninashangaa programu inayouza somo la Halloween imeliacha hili.

Pengo kubwa zaidi, ambalo kwangu limeishushia nyota mbili, ni mazungumzo. Yote yanafanyika kwenye sherehe ya vijana: nani kavaa nini, twende wapi, nipige picha. Halloween ya familia haiendi hivyo. Kugonga nyumba yoyote uionayo hakuna. Mambo yanapangwa, mara nyingi na kodomokai, chama cha watoto cha mtaa, au na wenye maduka wa shōtengai, ule mtaa wa maduka madogo. Nyumba zilizokubali zinaweka alama mlangoni, watoto wanapita kwa makundi na ramani mkononi, mzazi mmoja mbele na mwingine nyuma. Kinachohitajika hapo ni narande kudasai, pangeni mstari. Ni hitori hitotsu zutsu, kila mtu moja moja, nayo utaisema mpaka koo likauke. Ni junban, zamu. Na ni dōzo, ukinyoosha bakuli.

Halafu kuna arerugī, yaani mzio. Hakuna mzazi wa huku anayegawa vyakula kwa watoto wa wenzake bila kuuliza arerugī wa arimasu ka, kuna mzio wowote? Na karatasi ya hoikuen inauliza hivyohivyo kabla ya sherehe. Tamago ni yai, komugi ni ngano, rakkasei ni karanga, kurumi ni aina ya kokwa iliyoongezwa mwaka 2023 kwenye orodha ya vitu ambavyo sheria inalazimisha vitajwe kwenye pakiti. Kwenye kifurushi kuna maneno manne ya mambo ya damu na jeneza, na hakuna hata moja la mzio wa chakula. Picha nazo zina adabu yake: shashin o totte mo ii desu ka, naomba kupiga picha? Unauliza kwanza, hasa mtoto akiwa si wako. Kwenye programu kijana anasema tu "picha!" na kupiga.

Kurasa za utamaduni zinataka pia kufanyiwa usafi. Picha kubwa ni ya Shibuya, wilaya ya Tokyo yenye pilikapilika za vijana, umati wa watu waliojipaka damu, na maandishi yanakushauri uende. Ushauri huo umechacha. Mwaka 2018 vijana walipindua lori dogo pale. Mwaka 2019 wilaya ikapitisha kanuni ya kuzuia kunywa pombe barabarani nyakati za Halloween. Oktoba 2022 ukatokea msongamano wa Halloween huko Itaewon, Seoul, Korea Kusini, ulioua watu zaidi ya 150, na mwaka uliofuata meya wa Shibuya, Hasebe Ken, akatangaza waziwazi kwamba watu wasije kwake kwa ajili ya Halloween. Tangu Oktoba 2024 pombe barabarani katika eneo lile ni marufuku mwaka mzima, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri. Neno la kukufaa pale ni rojō inshu kinshi, usinywe pombe barabarani.

Badala ya Shibuya ningewawekea jimi Harowin, na hapa nakiri ni mapenzi yangu tu. Jimi ni kitu kisichong'ara. Ilianzishwa Tokyo mwaka 2014 na watu wa tovuti ya Daily Portal Z, kwa ajili ya watu wazima wanaoona haya kuvaa mavazi ya kishindo. Unavaa kama mtu wa kawaida kabisa mwenye kisa kidogo, kisha unaandika kwenye kadi wewe ni nani. Kwa mwanafunzi wa lugha ni zawadi, kwa sababu kadi zote zinajengwa kwa namna moja: maelezo kwanza, hito, yaani mtu, mwishoni. Densha ni kasa o wasureta hito, mtu aliyesahau mwavuli kwenye treni. Sisi tunaanza na mtu, ndipo tunaeleza alichofanya. Wao mtu wanamhifadhi hadi mwisho. Nimetunga kadi kama hizo nikiwa kwenye treni asubuhi, na zimenifundisha kuunganisha sentensi kuliko mazoezi yote ya kifurushi.

Nani anunue, basi? Anayeanza Kijapani akiwa Nairobi au Dar na anataka kitu cha kumchangamsha atapata thamani ya hela yake, maana rekodi pekee zinatosha. Anayeishi Japani na ana mtoto aitumie kwa sauti, halafu aende maktaba ya mtaa sehemu ya watoto. Vitabu vya picha vya obake vimejaa, kuazima ni bure kwa mkazi, vimeandikwa kwa hiragana, na ndani yake watu wanaongea kama watu. Maduka ya yeni mia nayo huanza kutoa mapambo joto la kiangazi likiwa halijaisha. Kusoma lebo zake rafu kwa rafu ni somo zuri, tena halilipiwi.

Ukinunua, angalia malipo. Kifurushi kinakuja na majaribio ya huduma kamili ya programu, na majaribio yakiisha wanakata ada ya mwezi wenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Ingia kwenye mipangilio ya duka la programu la simu yako, sehemu ya usajili, uzime huko. Masomo ya Halloween yanabaki yako hata ukishazima.