Kompyuta ya kuandikia programu za kizamani: ununue ipi ukiwa Kisumu?

Wengi wanaoniuliza swali hili huanza na sanduku. Kati ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, wachukue Commodore 64 au Spectrum? BBC Micro au Amiga? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Chagua kwanza lugha utakayoandikia, kisha mfumo endeshi unaoibeba, ndipo uende dukani. Na kabla hujatoa hata shilingi, weka BBC BASIC ya Richard Russell, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu yako ya Android. Haina malipo. Ukiona juma limepita na bado unaifungua jioni baada ya kazi, basi nunua mashine.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani ya ex-UK, HP Compaq au Dell OptiPlex ya miaka ya 2009 hadi 2012, iliyowekwa FreeDOS, mfumo endeshi wa aina ya DOS. Najua wapo watakaonuna, kwa kuwa si mashine ya miaka ya 1980. Lakini utaipata mjini Kisumu, hata Nakuru na Kakamega, na pawa saplai ikifa fundi ana nyingine kwenye rafu. FreeDOS ilianzishwa mwaka 1994 na Jim Hall, Microsoft ilipoonyesha kwamba siku za MS-DOS, mfumo endeshi wake wa wakati huo, zinahesabika. Ni ya bure, inaendesha karibu kila programu iliyoandikwa kwa DOS, na mtu aliyesomea kompyuta chuoni miaka ya 1990 ataitambua alama ya C:\> papo hapo.

Lugha ya kuanzia hapo ni Pascal. Chukua Free Pascal, ambayo ina skrini ya buluu na menyu za juu kama za matoleo ya baadaye ya Turbo Pascal ya Borland, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Turbo Pascal 7 yenyewe itakusumbua kwenye mashine hizi: programu inayotumia kitengo cha Crt (cha kushughulikia skrini na kibodi) hukatika na ujumbe wa "Runtime error 200" kabla haijafanya lolote. Sababu ni kwamba inapoanza hupima kasi ya prosesa kwa kugawanya, na prosesa za sasa zina kasi mno hata jibu halienei mahali lilipotengewa. Viraka vya kurekebisha vipo, ila anayeanza hana haja ya usumbufu huo. Ukipenda C, kuna Open Watcom na DJGPP. Ukitaka kuongea na prosesa bila mkalimani, kwa lugha ya asembli, kuna NASM.

Dukani, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na flashi yako yenye FreeDOS, uombe mashine iwashwe nayo pale pale: kwa HP bonyeza F9, kwa Dell F12. Mashine mpya zaidi, zenye UEFI peke yake (njia mpya ya kuwashia kompyuta), hazitaiwasha kabisa, kwa hiyo hakikisha neno Legacy lipo kwenye mipangilio ya BIOS. Igeuze nyuma uangalie kama ina tundu la siriali. Litakufaa siku utakapotaka kuiunganisha na vifaa vyako vya kielektroniki. Usilipie zaidi kwa ajili ya RAM kubwa wala leseni ya Windows, maana DOS haina kazi navyo. Ukifika nyumbani, andika KEYB UK, la sivyo kibodi ya Uingereza itakupa alama usizozibonyeza. Kasoro ninayoiona ni sauti: michezo mingi ya DOS inatafuta Sound Blaster, na kadi za sauti za mashine hizi si hizo. SBEMU, programu inayoiga Sound Blaster, husaidia kwa baadhi ya mashine.

Ya pili ni Raspberry Pi 400 yenye RISC OS, na nakiri kwamba moyo wangu uko hapa. Nimeishusha kwa sababu ikiharibika bodi, mafundi wa hapa wanaoweza kuigusa ni wachache. Ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa dola 70, kompyuta nzima ikiwa ndani ya kibodi, kama zilivyokuwa mashine za nyumbani za zamani. RISC OS ni mfumo endeshi uliotoka kwa kampuni ya Acorn ya Cambridge, na tangu mwaka 2018 msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ukishawasha, bonyeza F12. Madirisha yanasogea juu na nyota inatokea chini ya skrini. Andika BASIC, gonga Enter, na umeingia kwenye BBC BASIC. Lugha hiyo iliandikwa na Sophie Wilson, ambaye pia ndiye aliyebuni seti ya maagizo ya prosesa ya ARM, ukoo ule ule wa prosesa iliyo kwenye simu yako. Ndani ya programu ya BASIC unafungua mabano ya mraba na kuandika maagizo ya ARM hapo hapo, bila zana nyingine. Sijaona njia iliyo fupi zaidi ya kujifunza jinsi prosesa inavyofanya kazi.

Angalizo kwa mnunuzi: usishawishiwe kuchukua Pi 5 au Pi 500 kwa kuwa ni mpya. Prosesa yake haiwezi kuendesha mfumo endeshi wa biti 32, na RISC OS ni wa biti 32. Nunua pia kipanya ambacho gurudumu lake linabonyezeka, kwani menyu zote hufunguliwa na kitufe cha kati.

Ya tatu, kwa anayejua kulehemu: bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico yenye PicoMite, programu inayoigeuza kuwa kompyuta ya BASIC; chukua toleo lake la VGA. Bodi ilitoka kwa dola 4. Ukiongeza vipinga vichache, diodi na soketi ya VGA ya kuunganisha skrini, una kompyuta inayofungukia BASIC mara tu ikipata umeme.

Mashine halisi za zamani naziweka mwisho. Za Uingereza zinatumia plagi na volti kama zetu, jambo jema, ila kuziagiza kuna gharama ya usafiri na VAT ya asilimia 16, na umri haujazihurumia. Kapasita za chapa ya RIFA ndani ya BBC Micro hupasuka na kujaza chumba moshi. Utando wa kibodi ya Spectrum hukauka ukakatika. Pawa saplai ya awali ya Commodore 64 ikichoka hupandisha volti na kuchoma chipu za kumbukumbu, kwa hiyo usiichomeke kamwe, nunua mpya. Radi za kanda hii ya ziwa nazo ni kali: weka kifaa cha kukinga stima, na uchomoe plagi mawingu yakianza kunguruma.

Ukisisitiza kununua Commodore 64, mwombe muuzaji picha ya skrini ikiwa imewashwa. Lazima isomeke 38911 BASIC BYTES FREE. Namba ikipungua, kumbukumbu ina hitilafu, tafuta nyingine.