Marikiti ya Mji wa Kale kwa mboga na matunda: nawapa nyota nne na nusu

Wenzangu wa Mombasa mnaotaka kupunguza mwili ama kujiweka fiti, naona wengi mnakimbilia jim na yale mapoda ya kopo, mimi nawaambia anzeni Marikiti. Soko lile lipo tangu 1914 na hadi leo mboga zake zinashinda zile za supamaketi zilizokatwakatwa zikafungwa kwa plastiki.

Cha kwanza wahini mapema, ile saa moja saa mbili mchicha na matembele bado havijalala, kisamvu kilichotwangwa tayari kipo, na kama ni msimu utakuta maembe ya ngowe, boribo na apple meza moja, utajua mwenyewe unaanza na lipi. Lakini kitu kinachonirudisha ni wauzaji. Kuna mama mmoja ukishika papai tu anakuuliza, "Mwanangu, wala leo ama kesho?" halafu anakuchagulia kulingana na jibu lako, avakado vilevile, yaani hutupi kitu nyumbani na ukiacha kutupa ndio unakula kweli. Pia ndiye aliyenambia mchicha niutie mwisho, tui likishachemka, uive kidogo tu, kisha niukamulie ndimu. Na ni sawasawa kabisa, mafuta ya nazi yanasaidia mwili kuchukua vitamini A, vitamini C ya ndimu inasaidia kuchukua madini ya chuma, na mboga ikipikwa sana hiyo vitamini C inapotea.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na muhogo hawavihesabu, kwa hivyo viazi karai na mihogo ya pale Lighthouse ufukweni ni vitamu lakini havimo. Juisi nazo jamani tupunguze, ukwaju na bungo za mtaani sukari ni nyingi mno, na chungwa ukilikamua ukachuja nyuzinyuzi zote zabaki kwa chujio. Ulile zima! Mimi nikila ndizi na chungwa saa kumi, jioni nazunguka ufukweni pale Mama Ngina bila kuhema, na usingizi ule wa baada ya pilau umepungua sana. Mwenye sukari aulize daktari wake kwanza kiasi gani cha matunda kinamfaa.

Nusu nyota nimeitoa kwa sababu ya muuzaji mmoja aliyenifungia nyanya, juu nzuri chini zimelainika, so chagua moja moja kwa mkono wako, wenyewe hawakasiriki. Gari usije nalo, pa kuegesha ni taabu, panda tuktuk. Na beba kikapu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na ile ya kitambaa wanayouza pale utainunua kila siku mpaka ujute.