Kozi ya kompyuta ya watoto likizo ya Juni, Mtwara mjini: mwalimu fundi kweli, mashine ndo balaa

Wazazi wenzangu wa Mtwara habari za leo. Kuna watu watatu wameshaniuliza kuhusu hii kozi nikaona bora niandike mara moja. Likizo ya Juni nilimpeleka binti yangu wa darasa la nne kwenye ile kozi ya wiki nne inayofanyika juu ya steshenari moja karibu na sokoni, jina silitaji maana mwenyewe naswali nae msikiti mmoja na sitaki maneno. Ada elfu 40, siku tatu kwa wiki, kila siku masaa mawili. Wanafundishwa kutaipu na kuandika kwenye Word basi, hakuna magemu wala intaneti, na hilo ndo lilinivuta. Shuleni kwenye somo la sayansi wanachora kompyuta kwenye daftari, kibodi na mausi na skrini kila kimoja na mshale wake, wa kwangu anapata vema zote, ila ukimkalisha mbele ya mashine yenyewe mausi anaishika kama anashika kaa.

Nianze na yaliyoniudhi nitue mzigo. Tangazo mlangoni limeandikwa kila mtoto mashine yake. Nafika siku ya kwanza nakuta mashine nane, mbili zimefunikwa kanga zinasubiri fundi, watoto kumi na moja. Nikamuuliza mwenye ofisi, akanambia "Usiwe na wasiwasi baba, mmoja akitaipu mwenzie anajifunza kwa kuangalia." Anaangalia nini jamani, mtoto wa miaka kumi ambae hajashika kibodi anaangalia sisimizi ukutani. Wangu alipangwa na kaka mmoja wa darasa la sita, na yule bwana mdogo mausi haachii, wiki nzima ya kwanza binti yangu katoka na mstari mmoja tu, jina lake na jina la shule. Nikapanda tena juu nikalalamika, safari hii kwa mwalimu mwenyewe, na kuanzia hapo akawa anaweka alamu kwenye simu yake kila dakika kumi wanabadilishana, iwe katikati ya neno iwe wapi, unanyanyuka.

Na huyu mwalimu ndo sababu nawapa nyota tatu na nusu badala ya moja. Ni dada mdogo tu, ila ana akili ya kufundisha watoto. Kibodi za pale ni kuukuu, za kuchapia barua za watu miaka na miaka, sasa herufi A imefutika kabisa, I nayo inaelekea, lakini Q na X zinang'aa kama zimetoka boksini jana. Mwingine angeona aibu. Yeye akawauliza watoto, kwanini A imekwisha na Q haijaguswa? Wakabaki wanatazamana, mpaka kamoja kakasema "kwa sababu Kiswahili hakina Q!" Basi akawatuma watafute kwenye sentensi moja A zimo ngapi, wakahesabu, halafu akawaambia A inapigwa na kidole kidogo cha kushoto, kile kivivu kuliko vyote, kwahiyo kifanyieni mazoezi. Binti yangu mpaka leo kidole hicho anakigongagonga kwenye meza ya chakula, mama yake anamfokea. Na vile vituta viwili kwenye F na J mimi nimekaa ofisini miaka tisa sikujua ni vya nini, kumbe ni vya kushikia vidole vya shahada ili usiangalie chini.

Kitu cha pili ambacho sikukitegemea. Siku moja karudi nyumbani macho mekundu, nikamuuliza nini, akasema "Nimekosa yote baba, kompyuta imenisahihisha yote nyekundu." Nikacheka halafu nikajisikia vibaya. Si unajua ile mistari myekundu ya mawimbimawimbi Word inapiga chini ya maneno, sasa pale imesetiwa Kiingereza, ukiandika "Bibi yangu anaishi Newala" inapiga nyekundu karibu sentensi nzima. Sisi wakubwa hatuioni tena, mtoto wa shule ya msingi nyekundu anaijua moja tu, peni ya mwalimu. Nikampigia yule dada, akaniambia asante umenishtua, kesho yake akawaambia wote "hii mashine haijui Kiswahili, nyinyi ndo mnajua", akawaonyesha pa kuzima hiyo mistari. Na wala Kiswahili kwenye kompyuta si kitu kipya, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na watu kutoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Miaka ishirini na ushee tangu wakati huo na mtoto wa Mtwara bado anapigiwa nyekundu kwenye jina la bibi yake.

Kazi ya mwisho ilikua barua, kila mtoto amwandikie mtu wa kweli. Wangu kamwandikia bibi yake Newala kumuomba ming'oko, vile viazi vya porini, na hapo ndo pakawa na kazi, maana kile kialama cha ng' kipo jirani kabisa na Enta. Kila akikitafuta anagonga Enta, neno linakatika, ming huku oko kule chini. Anarudisha, anagonga tena, pum. Nilikua nimekuja mapema kumchukua nikawa nimesimama mlangoni naangalia, mara ya nne akatoa mkono, akakishika kile kibatani kwa kidole cha kulia akakibinya polepole kama anabonyeza kengele ya mtu anaemuogopa. Kikatokea. Yule kaka wa darasa la sita akasema "sasa weka boldi" na akaweka kweli, yani kwenye barua nzima neno lililokolezwa ni ming'oko peke yake.

Jingine ni kichwa cha habari kukaa katikati. Mimi kwa kusema kweli nilikua nabonyeza espesi mpaka kifike, na najua ofisi nyingi mjini humu wanafanya hivyohivyo, ukibadilisha fonti kidogo kichwa kinahama chote. Mtoto kanionyesha unakaa kwenye mstari unabonyeza Ctrl na E kwa pamoja. Basi. Sikuongea kitu.

Umeme ulikatika mara mbili, gesi ya kuzalisha umeme inatoka hapahapa Mnazi Bay lakini tuyaache. Mara ya kwanza watoto sita walipoteza kazi kwa sababu hawakusevu na mashine hazina betri, wakalia kama msiba. Ya pili hakulia hata mmoja, wote walishabonyeza Ctrl na S kusevu. Mwalimu angewaambia mara mia wasingeshika hivyo.

Sasa fedha. Kuprinti hiyo barua ukurasa mmoja nikatozwa 500, na cheti 10,000 ambayo hakuna aliyetutajia siku ya kwanza. Cheti sikuchukua. Cha kazi gani, mtoto wa darasa la nne anaenda kuombea kazi wapi? Wenye ofisi mkisoma hapa, andikeni bei zote mlangoni, na lile la kila mtoto mashine yake lifuteni au fundi aje. Barua nilimpa konda wa basi la Newala, ikafika, na ming'oko ikaja kiroba nusu.

Desemba namrudisha nikisikia dada yuleyule yupo, asipokuwepo sipeleki. Nauli ya bajaji mwambieni mtoto asikubali zaidi ya ile ya kawaida wakiona ana begi la shule. Chukueni zamu ya asubuhi watoto wanakua wachache, na mfike mapema mtoto awahi mashine ya dirishani, ile ya karibu na mlango espesi yake inakwama.