Kumleta mama London kutoka Dar: tiketi, wilchea na treni ya Heathrow

Jamani nimempokea mama uwanja wa ndege wa Heathrow juzi na nataka niandike haya yakiwa bado mabichi, maana wengi wetu tukimpangia mzazi safari tunaangalia bei ya tiketi tu, halafu ile hela tuliyookoa mzazi ndo anakuja kuilipa kwa miguu yake.

Nianze na tiketi. Wakati natafuta hakukuwa na ndege ya moja kwa moja Dar mpaka London, lazima upite mahali, Addis, Dubai, Doha, Istanbul, Nairobi au Kigali. Mtandao mmoja wa kuuza tiketi ukaniletea bei chee kweli kweli, ila ukifungua ndani unakuta ni tiketi mbili za mashirika tofauti zimeunganishwa tu, yaani mama ashuke katikati ya safari, akachukue mabegi mwenyewe, atoke nje, aende kaunta akapange foleni upya, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili imeshaondoka na hakuna wa kumdai. Na hapo kwenye kutoka nje anaweza kudaiwa visa ya nchi ambayo hata haendi. Halafu inamshusha Stansted usiku, uwanja mwingine ulio nje ya mji, mimi nakaa Woolwich, kusini-mashariki mwa London. Nikaipita. Kwa mtu wa miaka yake mimi nasema tiketi iwe moja, namba ya bukingi moja, mabegi yanaandikwa Dar yanaonekana London. Nikachukua Ethiopian, kubadilisha Addis, anatua Heathrow asubuhi, Terminali 2.

Sasa kitu ambacho ningependa kila mtu akijue ni wilchea. Ni bure! Huhitaji kuwa mgonjwa, mama anatembea vizuri tu ila magoti hayataki mwendo mrefu, na Heathrow ni mwendo hasa, ukishushwa kwenye lile jengo la pembeni la Terminali 2 unapita njia ya chini kwa chini ndefu kabla hata hujafika pasipoti. Unaomba kwenye shirika la ndege mapema, angalau saa 48 kabla, na usiridhike na "sawa tumeandika", waambie wakuonyeshe kwenye bukingi yenyewe pameandikwa WCHR. Hizo herufi ndo zinasomwa na watu wa kila uwanja. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi ila hawezi umbali mrefu, asiyeweza ngazi ni WCHS, na asiyeweza kutembea kabisa ni WCHC, kwa hiyo hakikisha wameweka inayomfaa mzazi wako. Mama alichukuliwa kaunta Dar, Addis akapokelewa, na London kijana akamsukuma mpaka pasipoti, akamsubiri, wakaenda wote kwenye mabegi, akamtoa mpaka pale nilipokuwa nimesimama. Mama asiyejua Kiingereza cha kutosha hakupotea hata hatua moja, na alikuja anacheka. Hii huduma naipa nyota zote tano na ningekuwa na ya sita ningetoa.

Kwenye mkoba wake nilimwandalia karatasi moja: anwani yangu, namba yangu ya simu, tarehe ya kurudi, nakala ya barua ya mwaliko. Afisa akiuliza anampa. Na mabegi tuliyakagua kwa video kabla, nyama ya kukausha na samli vikabaki nyumbani, mama hakufurahi ila Uingereza hawaruhusu nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, bora ubishane na mama kwenye simu kuliko yeye abishane na watu wa forodha.

Kutoka uwanjani. Hapa ndo watu wanatupa hela. Njia ziko nyingi, treni ya Heathrow Express inafika stesheni ya Paddington kwa dakika 15 hivi, haraka ndiyo, ila kama hukai Paddington bado una safari nyingine mbele na mabegi yako. Piccadilly, ile treni ya chini ya ardhi, ndo treni ya bei nafuu kuliko zote, karibu pauni 6 mpaka katikati ya mji, ila yale mabehewa ni ya miaka ya 1970, madogo, hayana kiyoyozi, na mabegi mawili ya kilo 23 mle ndani ni kero kwako na kwa wenzako. Sisi tukachukua Elizabeth line, ile iliyofunguliwa Mei 2022. Inazidi pauni 13 kwa mtu, sio rahisi, lakini mabehewa mapana, yana hewa, stesheni zake zote zina lifti au njia isiyo na ngazi, na kwetu sisi wa Woolwich unapanda pale Terminali 2 na 3 unashuka nyumbani bila kubadilisha. Mama alikaa dirishani kwa saa nzima hivi akiniuliza maswali.

Nauli unalipa kwa kugonga kadi ya benki kwenye geti la stesheni, ila kila mtu na kadi yake, na utakayoingilia ndo utokee nayo. Ukiingia na kadi ukatokea na simu, hata kama ni akaunti ileile, mashine inahesabu watu wawili na inakata nauli ya juu kwa wote.

Teksi niliwahi kuagiza alipokuja shangazi, kampuni moja ya huku ikaanza kuhesabu muda wa kusubiri tangu ndege ilipogusa ardhi, wakati pasipoti yetu haipiti kwenye yale mageti ya mashine na foleni ya asubuhi ni ndefu, mwisho tukaongezewa na hela ya maegesho. Kama lazima uagize gari, sema dereva aje saa moja au zaidi baada ya kutua, na bei ya maegesho iandikwe kabla. Jumapili pia cheki kwanza kama treni zinatembea, wikiendi ndo wanafanya ukarabati.

La saa nalo muhimu kwa walioko nyumbani. Muda kwenye tiketi ni wa pale ndege ilipo. 06:30 ya London ni saa 12 na nusu asubuhi huku, Dar wakati wa baridi ni saa 3 na nusu, kiangazi saa 2 na nusu, na saa za Uingereza zinageuka Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Waambie ndugu mapema wasianze kupiga simu wakati mama bado yuko angani.

Kurudi nitampeleka kwa treni hiyohiyo, maana gari likisimama kushusha abiria mbele ya terminali nalo linalipiwa. Wilchea ya kurudi nimeshaihakikisha, WCHR ipo kwenye ndege zote mbili.