Simu ya mezani yenye antena ya paani: uzoefu wangu wa miezi minne

Duka langu liko Nyakach, chini ya mwinuko wa Nyabondo. Simu yangu ya mkononi huonyesha vijiti vitatu vya netiweki, lakini nikimpigia anayeniletea unga, ananisikia vipande vipande ilhali mimi namsikia vizuri kabisa. Mwaka mzima nililaumu busta, yaani mnara wa simu, nikitamani waiongezee nguvu.

Nikanunua Kisumu simu ya mezani inayotumia laini kama ya simu ya mkononi, na antena ya Yagi, ile ya kuelekezwa upande mmoja. Fundi aliyeifunga alinieleza jambo ambalo laiti ningelijua mapema: vijiti hupima sauti ya mnara inavyonifikia, si yangu inavyoufikia. Mnara wa GSM (mtandao wa 2G) kwa kawaida hutoa kama wati 20 kwa kila chaneli. Simu ya mkononi kwenye masafa ya megahezi 900 haivuki wati 2. Mnara ukiongezewa nguvu nitausikia zaidi, lakini jibu langu litabaki la wati zilezile 2. Antena husaidia kwenda na kurudi.

Redio ndiyo iliyonithibitishia. Zamani, kabla simu haijalia, redio iliyo kando yake ilinguruma tititi-tititi hadi habari zikapotea. Sasa mngurumo ni hafifu mno. Kwanza, mawimbi yanatokea juu ya paa, si mezani. Pili, mnara ukiisikia simu vizuri huiamuru ipunguze nguvu, desibeli 2 (kipimo cha kulinganisha nguvu) kwa kila hatua. Nadhani ndiyo maana hata betri ya akiba, umeme ukipotea asubuhi, hunifikisha jioni.

Kilichoniudhi ni waya wa kutoka antena hadi simu. Duka liliniuzia mwembamba wa mita 10, na waya wa aina hiyo hula karibu desibeli 5. Desibeli 3 tu ni nusu ya nguvu! Fundi aliukata ukabaki mita 4, akafunga kichwa upya. Mwulizeni muuzaji habari ya waya kabla hamjatoa pesa.

Kuielekeza kulichukua saa nzima. Mimi juu ya paa nazungusha mlingoti kidogo kidogo, mke wangu chini anaongea na dada yake: "Bado... bado... hapo! Usiguse tena!" Nikakaza nati papo hapo. Jumatatu nikaagiza magunia sita ya unga kwa simu moja, na yakaja sita.