Silikoni ya Kuziba Madirisha: Nzuri, Lakini Si kwa Kila Ufa
Silikoni isiyotoa asidi, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa mirija ya takriban mililita 300, ndiyo niliyoichagua kuziba nafasi kati ya fremu za alumini na kuta za nyumba yetu ya Tanga, ambako mvua ya masika inayosukumwa na upepo hupenya palepale fundi alipoacha kufikisha lipu kwenye fremu. Kwa kazi hiyo nimeridhika nayo. Chumba chenye kiyoyozi hakipotezi tena ubaridi upesi, na rangi iliyokuwa ikivimba chini ya dirisha imetulia.

Mnunuzi asome maandishi ya mrija kabla ya kulipa, kwa kuwa aina yenye harufu kali ya siki, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, hutoa asidi inapokauka, inaweza kula metali, tena haishiki vizuri kwenye saruji. Hiyo aiachie vioo na vigae. Ukuta nao sharti uwe mkavu na usio na vumbi, la sivyo silikoni itabanduka kama gamba la nyoka. Hukauka milimita 2 hadi 3 hivi kwa siku, basi kuiharakisha hakusaidii.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haipokei rangi, kwa hiyo anayejali sura ya ukuta wa ndani atumie kizibio cha akriliki, ambacho hupakika rangi. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi haiuzuii hata kidogo, ingawa muuzaji mmoja alinihakikishia kinyume chake.