Jioni nne za Waedomu, Lubumbashi

Somo la jioni kuhusu Waedomu, taifa la kale la kusini mwa Bahari ya Chumvi ambalo Biblia inalitaja kuwa uzao wa Esau, na lugha yao, ambalo nimelihudhuria kwa majuma manne katika ukumbi wa parokia moja huku Kamalondo, linalipiwa faranga 15,000, na bei hiyo naiona ya haki kwa sababu ya jioni ya tatu peke yake.

Jioni ya kwanza yote iliishia kwenye uzao wa Esau katika Mwanzo 36, jina baada ya jina, mambo ambayo kila mtu angeweza kujisomea nyumbani. Ya pili ilichangamka tulipoonyeshwa picha za Khirbat en-Nahas, kusini mwa Bahari ya Chumvi, ambako shaba iliyeyushwa kwa wingi katika karne ya 10 na ya 9 KK; wazee waliostaafu migodini walipoona marundo meusi ya mabaki ya tanuri walicheka, kwa maana sisi wa hapa tumekulia kivulini mwa rundo kama hilo.

Jioni ya tatu tulisoma barua fupi ya wino juu ya kigae cha chungu, iliyopatikana katika ngome ya Horvat Uza, jangwani Negev, na inayokadiriwa kuwa ya mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 6 KK. Mwalimu hakuanza na sarufi. Aliandika ubaoni konsonanti tupu, kisha akauliza tunasikia nini katika sh-l-m na b-r-k. Mama mmoja wa kwaya akajibu: salama, baraka. Ndivyo ilivyo, kwani mwandishi anamuuliza mwenzake kama yu salama, halafu anambariki kwa Kosi, mungu wa Edomu. Mwalimu alihimiza kwamba mizizi hiyo ilitufikia kwa njia ya Kiarabu, si kutoka kwa Waedomu, na alifanya vema, maana ukumbini walikwisha kujitokeza wanaotafuta ukoo wetu huko. Ukaribu wa Kiedomu na Kiebrania aliufananisha na ule wa Kilamba na Kibemba, lugha mbili za huku kwetu.

Jioni ya mwisho, kuanzia Nabonido, mfalme wa Babeli, hadi mfalme Herode Mwidumea, yaani mwenye asili ya Edomu, ilipitishwa mbiombio. Fotokopi zinalipiwa kando, faranga 3,000, nazo zimefifia hata kigae kinaonekana kama doa la mafuta. Atakayejiandikisha awamu ijayo aupige picha ubao kwa simu yake, na jioni ya kwanza anaweza kuikosa.